Tupeane uzoefu: neno gani kwenye tangazo la nyumba au kiwanja lilikutia tabuni?

BintiMazizini
Assalaam aleikum wanakikundi. Mama mdogo ana nyumba yake Tomondo hapa Unguja anataka kuipangisha, na ana kiwanja Kianga anataka kukiuza, kanipa mie kazi ya kuandika matangazo maana yeye mambo ya simu hayawezi. Basi jana usiku nkakaa kusoma ya wenzangu nione wanaandikaje. Jamani. "Nyumba ya kisasa, maeneo tulivu, karibu na huduma zote muhimu, kwa familia yenye heshima." Umejua maji yanatoka saa ngapi? Umejua choo kiko ndani au uani? Umejua masika ukifungua mlango unakanyaga ardhi au unakanyaga dimbwi? Na hiyo heshima nani anaipima, kwa simu? Nataka tangazo la mama mdogo lisimpotezee mtu nauli wala lisimvunje mtu moyo. Hebu semeni, neno gani lilikutesa, iwe ulikuwa unatafuta au unauza.

FundiBububu
"Dakika tano kutoka lami." Kwa miguu, kwa vespa au kwa gari hawasemi. Nlibeba mfuko wa vyombo vya kazi jua la saa saba mchana, nafika hata salamu siwezi kuitikia.

Mama_Nasra
Hiyo ya dakika tano tumo wengi 😩

AmiWaKonde
Mie yangu vipimo. Kiwanja kimeandikwa "20 kwa 25", basi, hakuna jengine. Nkapiga hesabu ya mita nkapata mita za mraba 500, nkasema hapo nyumba inakaa, banda la ng'ombe linakaa na migomba ya kula ipo. Nkatoka Konde na mtoto wa kaka yangu, fundi, kabeba futi kamba yake. Kupima, upande mmoja mita 15 tu. Mwenye kiwanja hata haya hakuona, ati "ami, hizo hatua, huku kwetu twapima kwa hatua." Hatua za nani? Mfupi na mrefu hatua zao sawa? Tukahesabu palepale chini ya mwembe, hatua ya mtu wa kawaida tuseme sentimita 75, ishirini zinakuwa mita 15, ishirini na tano zinakuwa 18 na kitu, ukizidisha haifiki hata 300. Karibu nusu ya kiwanja imepotea kwa neno moja ambalo mtu hakuliandika. Na wapo wa futi, hao ndo usiseme, 50 kwa 60 ya futi haifiki mita za mraba 280. Binti, hicho cha Kianga kipimeni kwa mita na uandike "mita", usimwachie mtu akisie.

DalaliMkweli
Msitulaumu madalali peke yetu. Mwenye nyumba ndo anayekupa maneno. Ukimwambia niandike maji ya kisima na yana chumvi, anakwambia andika maji yapo masaa 24. Na kisima kweli kina maji masaa 24. Ukikataa anampa dalali mwengine na wewe siku hiyo hujala.

Mama_Nasra
@DalaliMkweli hapo ndo mnapotuulia. Nlihamia Chukwani kwa hayo hayo masaa 24. Chai haina ladha, sabuni haitoi povu, nguo nyeupe za skuli za watoto zikawa rangi ya udongo. Ungeandika tu "kisima, maji ya chumvi, ya kunywa utanunua" ningejua mapema nipange pesa za madumu.

DalaliMkweli
Ungekuja lakini?

Mama_Nasra
Ningekuja! Kodi ilikuwa nafuu na kazi yangu iko hukohuko. Ningekuja na madumu yangu na nisingekuwa na kinyongo na mtu. Tabu ni kuyajua siku umeshalipa miezi sita.

ShanganiKwetu
Kwetu Mji Mkongwe neno ni "inahitaji ukarabati kidogo". Wengi mnaelewa hizi nyumba lakini nliseme. Kuta mawe ya matumbawe na chokaa, sakafu na dari zimelala juu ya boriti za mkoko, na urefu wa boriti ndo unaoamua upana wa chumba, ndo maana vyumba vyetu virefu vyembamba. Mtu anaandika "vyumba vikubwa vya kisasa" sijui kaviona wapi. Paa likivuja muda mrefu boriti inaoza pale ilipoingia ukutani, huioni mpaka siku ishuke. Halafu si nyumba ya kuingia na mifuko ya saruji ukajenga utakavyo, mji umo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2000, lazima ruhusa ya Mamlaka ya Hifadhi, na fundi anayeijua chokaa kumpata kazi. Tuliona wote sehemu ya jumba la Beit al Ajaib ilivyoanguka Disemba 2020, nalo lilikuwa kwenye matengenezo. Sasa wewe unaandika "kidogo", mtu anakuja na familia analaza watoto chini ya dari lile. Mie jirani yangu alilipa kwa neno hilo, dari la ukumbi likashuka wakati wao wako harusini, Mungu kawanusuru wote. Sema paa likoje, boriti zipi zimebadilishwa na zipi bado. Hizi ni roho za watu.

Nesi_Mwera
Mie maji ya chumvi nayavumilia, lililonitesa ni "familia tu". Nimeachwa, nna watoto, nafanya zamu za usiku. Nkipiga simu mambo mazuri, kodi tunakubaliana, nikifika mlangoni "baba watoto atakuja lini kuiona nyumba?" Nkisema mie peke yangu na wanangu, ghafla nyumba imeshachukuliwa. Baada ya muda tangazo bado naliona lipo. Hivi mie na wanangu si familia? Mmoja alinambia uso kwa uso, mwanamke anayetoka usiku tutamwambia nini mtaa. Natoka kwenda kuwazalisha wake zenu!! Basi nkaja kuona tangazo la mama mmoja Fuoni, kaandika "geti linafungwa saa nne usiku, mwenye kazi ya usiku tuzungumze." Wallahi lile "tuzungumze" lilinitoa machozi. Nkampigia, akanambia mwanangu sababu ni usingizi wangu mwepesi tu, ufunguo wako ntakuchongea. Ndo ninapoishi mpaka leo.

BintiMazizini
@Nesi_Mwera pole dada yangu. Hilo nimelichukua.

MtuWaJangombe
Lakini na nyie muwaelewe wenye nyumba. Nyumba zetu nyingi ua mmoja, choo kimoja, mama zetu wanakaa uani bila buibui. Mie nkiandika "Waislamu tu" simchukii mtu, nailinda nyumba yangu.

TichaHesabu
Mimi natoka bara, nasomesha skuli huku. Hilo na "watu wa bara msisumbue" nimekutana nayo mpaka nimezoea, na kuyazoea ndo kunaniuma. Sinywi pombe, nguruwe sipiki, saa tatu nimeshalala. Hakuna aliyeniuliza hata moja katika hayo. Wamesikia lafudhi wakakata simu.

MtuWaJangombe
Kama mila zetu huziwezi si lazima ukae huku.

Mama_Nasra
Eeh yakhe! Kasema wapi haziwezi?

TichaHesabu
Nimesema nazifuata. Soma tena.

AmiWaKonde
Na sie Wapemba tusijifanye hatuyajui. Ujana wangu nlitafuta chumba mjini, nikifungua mdomo tu lafudhi inanisemea, chumba kimejaa. Leo nimfanyie mwenzangu yaleyale? @MtuWaJangombe mwombe radhi mwalimu, watoto wenu ndo anaowasomesha.

ShanganiKwetu
Hata Katiba ya Zanzibar ya 1984 kifungu cha 12 kinakataza ubaguzi. Mie nasema andika sharti, usiandike mtu. "Ua ni wa pamoja, choo cha pamoja, pombe na nguruwe haviingii, wageni wa kulala hapana." Atakayeona anaweza atakuja, asiyeweza ataondoka mwenyewe, na hakuna aliyetukanwa kwa alipozaliwa.

MtuWaJangombe
Sharti sawa nakubali, na @TichaHesabu nisamehe kwa lile la kukaa huku, nlipandwa na jazba. Lakini nani anaishi na mama yangu nachagua mimi, hapo sirudi nyuma.

TichaHesabu
Nimekusamehe. Hapo pa pili bado tunapingana.

BiMkubwa_Kwamtipura
Nyie mnagombana na wapangaji, hebu niwaambieni la "warithi wote wameridhia".

Mume wangu alikuwa baharia, pesa zake za melini tukasema tununue nyumba kabla hazijapotea kwenye matumizi. Tukaona tangazo, nyumba ya urithi Kwamtipura, warithi wote wameridhia, haina mgogoro, inauzwa haraka kwa dharura. Milioni 70. Tukakutana na ndugu watatu wanaume, watu wazima, mkubwa wao ndevu nyeupe kabisa, maneno yake ya taratibu, mkataba ukasainiwa, mashahidi wapo, tukalipa. Siku tunahamia, gari ya vyombo iko mlangoni, nakuta mama mtu mzima kakaa barazani na kikapu chake na mkeka. Nkamwamkia, akaitikia vizuri, akaniuliza mnahamia mwanangu? Nkamwambia ndio. Akasema karibuni, mie ni mtoto wa nne wa mwenye nyumba hii, nimetoka Wete, nimepanda boti ya Mkoani, sikuulizwa na sikusaini. Chumba cha uani ndicho alichofia mama yangu, ntakaa humo mpaka nipewe changu. Hakupiga kelele wala hakutukana mtu. Akainuka, akaingia, akatandika mkeka wake.

Mume wangu akataka kuita polisi, nkamwambia unamwitia mtu polisi kwenye nyumba ya babake? Tukaishi nae. Msidhani ilikuwa raha, jamani. Jiko moja vyungu viwili, watoto wangu washaanza kumwita bibi, mume wangu hasemi nae hata neno, na mie katikati. Usiku namsikia anasoma Kurani, mie macho makavu mpaka alfajiri, nafikiria pesa yote ile na sina nyumba. Ndugu wa mume wananiambia mfungie maji atatoka. Nlikataa. Huyu mama hajaniibia kitu, na kama dhulma ipo basi sie wawili tumo upande mmoja.

Tukaenda kwa sheha, kisha mahkama ya kadhi. Hesabu yenyewe ya mirathi ya Kiislamu hata mtoto wa chuo cha Kurani anaijua, wanaume watatu na mwanamke mmoja, kila mwanamme sehemu mbili, mwanamke sehemu moja, zinakuwa saba. Katika milioni 70 yake ilikuwa milioni 10. Kumi tu! Kaka zake walikuwa wamegawana zote na kumi za dada yao humo humo. Mdogo wao alirudisha yake siku ileile anatetemeka. Wa pili akarudisha kwa mafungu. Yule wa ndevu nyeupe keshaondoka Muscat. Iliyobaki tukaitia sisi ili mama asaini, tukauza friji na cherehani yangu nliyokuwa nashonea mabuibui ya watu. Mama akapokea, akasaini mbele ya kadhi, akanikumbatia, akaenda zake Pemba.

Kwa hiyo mkiniuliza neno lililonitesa ni "wote". Wote ni wangapi? Majina yao? Wako wapi? Sahihi zao ziko wapi?

Mama_Nasra
Subhanallah. Nimesoma nimesimama jikoni mchuzi umeungua.

FundiBububu
Yule wa Muscat je?

BiMkubwa_Kwamtipura
Bado. Hata simu hapokei.

MtuWaJangombe
Kwa heshima zote bi mkubwa, yule mama nae alikosea, mnaingiaje nyumba ya watu na mkeka?

AmiWaKonde
Nyumba ya watu gani? Sehemu moja katika saba ni yake! Angebaki Wete akiandika barua angesikilizwa na nani?

MtuWaJangombe
Mahkama zipo.

Nesi_Mwera
Mahkama zipo na nauli hakuna. Mie namuelewa kabisa.

DalaliMkweli
Kwenye urithi mie siku hizi siweki tangazo mpaka nione orodha ya warithi iliyotoka mahkamani, vyeti vya vifo, na aliye ng'ambo anipigie mwenyewe video nimuone. Na neno "hati" nalo tahadharini. Ukiuliza ipo unatolewa karatasi ya mauziano yenye muhuri wa sheha. Hiyo ni ushahidi kwamba mliuziana, hati ya matumizi ya ardhi ni kitu chengine kabisa, na kuhamisha haki kuna Bodi ya Uhaulishaji. Andika kilichopo, "karatasi ya sheha ipo, hati bado."

FundiBububu
Ukiandika hati bado hakuna atakayepiga simu.

DalaliMkweli
Watapiga wachache. Hao wachache hawarudi kukudai.

Mwani_Jambiani
Na sie wa kusini tusikieni. Kwetu maneno ni mawili, "kiwanja kitupu" na "ufukwe binafsi". Kitupu kivipi, minazi imesimama na kila mnazi una mwenyewe! Huku ardhi inaweza kuwa ya huyu na miti ya yule, ndo ilivyo tangu wazee, ukinunua ardhi hujanunua minazi mpaka uelewane na mwenye minazi. Ikikatwa hiyo ni kesi. Na pengine kuna makaburi yamefunikwa na majani, muuzaji anayajua na hasemi.

Hilo la ufukwe ndo limo moyoni mwangu. Maji yakipwa, khasa bamvua, bahari inakwenda mbali mpaka karibu na mwamba, na huko ndo kwenye mashamba yetu ya mwani, tunalima toka mwisho wa miaka ya 80, na kabla ya mwani bibi zetu walikuwa wanateremka njia hiyohiyo kuokota chaza na kukamata pweza. Mgeni kasoma "ufukwe binafsi", kaweka uzio na mlinzi. Mlinzi kijana wa papa hapa kijijini, ananambia huku anatazama chini, shangazi nimeambiwa msipite. Nimebeba gunia la mwani mbichi kichwani linachuruzika maji, nizunguke mpaka wapi? Mgeni simlaumu sana, yeye kalipia neno aliloliona. Namlaumu aliyeliandika, maana anajua pwani haina mtu binafsi. Na picha zao zote wanapiga maji yamejaa, hutaona hata moja maji yametoka. Wengine wanamwandikia mgeni "umiliki wa milele", na ardhi ya Zanzibar kwa sheria ya 1992 ni ya umma chini ya Rais, mgeni anakodishwa tu kwa miaka. Wanamdanganya yeye na wanatufungia njia sisi.

ShanganiKwetu
Hili lingekuwa na uzi wake peke yake.

Mwani_Jambiani
Ntaufungua. Lakini Binti andika na njia kama ipo inayokata hicho kiwanja chenu.

BiMkubwa_Kwamtipura
@BintiMazizini hicho cha Kianga mama yako mdogo alikinunua au kakirithi?

BintiMazizini
Kakirithi kwa babu. Wako watano. Mjomba wangu mmoja yuko Mkoani, mmoja Dubai. Nlikuwa sijalifikiria kabisa hili mpaka nliposoma ya kwako, la kiwanja nimeliweka kando, leo nawapigia wote.

La nyumba nimeandika hivi, nikosoeni:

"Nyumba ya kupangisha Tomondo. Vyumba vitatu, kimoja kina choo ndani, choo chengine uani. Maji ya bomba hutoka usiku, tangi la lita 1,000 lipo. Umeme TUKUZA (wa kulipia kabla), mita yako mwenyewe. Kutoka lami dakika nane kwa miguu. Gari inafika mlangoni, siku za mvua kubwa za masika njia inajaa maji na gari inabaki dukani. Mwenye nyumba anaishi nyumba ya jirani. Pombe hairuhusiwi. Mwenye kazi ya usiku tuzungumze. Kodi laki tatu kwa mwezi, malipo ya miezi mitatu."

FundiBububu
Refu. Watu hawasomi, weka vyumba, bei na namba ya simu basi.

Mama_Nasra
Refu hivohivo liache! Na ungeongeza maji ya bomba ni matamu.

DalaliMkweli
La masika litakukimbizia watu. Toa, waambie wakija.

AmiWaKonde
Usitoe.

TichaHesabu
Halijasema natoka wapi wala nasali wapi. Mimi ningepiga simu.

Nesi_Mwera
Choo cha uani kina taa? Mwenye watoto atauliza.

BintiMazizini
Hakina. @FundiBububu una nafasi wiki hii?

FundiBububu
Kesho baada ya alasiri. Waya na soketi ntakuja navyo, taa nunua wewe, na mwambie mama mdogo awepo maana ntazima umeme wa nyumba nzima.